Uzoefu wangu na utando wa PDMS: silikoni ya chupa mbili

Utando wa kwanza wa PDMS nilioubandua ulijikunja kama utando wa maziwa kwenye kijiko, ukashikana wenyewe kwa wenyewe. Kazi ya siku nzima ikaishia hapo. Leo PDMS ndiyo silikoni ninayoichagua kila ninapotengeneza kifaa cha maikrofluidi, yaani cha kupitishia vimiminika katika mifereji midogo sana, chenye vali za kufunga na kufungua mifereji hiyo.

Huuzwa kwa chupa mbili: msingi na kigumishi. Kwa kazi za kawaida unapima 10 kwa 1 kwa uzito, unakoroga hadi mchanganyiko uwe mweupe kwa viputo, unautia kwenye chombo cha ombwe mpaka viputo viishe, kisha oveni.

Utando mwembamba unataka subira zaidi. Namimina juu ya kalibu yenye umbo la mifereji ya kimiminika na kuizungusha mizunguko 2,500 kwa dakika. Napata unene wa karibu maikromita 30. Na hapa ndipo nilipojifunza: usibandue utando mtupu. Uache kwenye kalibu, ulaze juu yake kipande kinene chenye mifereji ya hewa, uoke tena kwa nyuzi 80, ndipo ubandue vyote kwa pamoja. Njia hii ni ya kikundi cha mtafiti Stephen Quake, waliochapisha vali zao mwaka 2000. Kipande kinene nakipa kigumishi kingi, 5 kwa 1; utando naupa kidogo, 20 kwa 1. Vikikutana kabla havijaiva kabisa, ziada ya huku inashikana na upungufu wa kule, bila gundi. Ukisukuma hewa kwenye mfereji wa juu, utando unabonyea na kuziba mfereji wa chini. Ukiiachia, unarudi ulivyokuwa. Nimeutazama kwa hadubini mara nyingi na bado nafurahi.

Vumbi naliondoa kwa selotepu. Glavu nazo ziangalie sana: kuna siku mchanganyiko ulikataa kuganda, nikaishuku chupa, kumbe glavu zangu za mpira zilikuwa na salfa, na salfa huua kichocheo cha platini kinachoigandisha silikoni.

Kwa chembe hai ni nzuri mno, maana inapitisha oksijeni. Lakini toluini na heksani huivimbisha, na molekuli ndogo zisizopenda maji hunywewa na kuta zake. Ukipima dawa za namna hiyo, dozi uliyoingiza siyo inayozifikia chembe. Kwa majaribio hayo natumia kioo.