Kurasa 16 za kitabu changu hazipo, na muuzaji ananijibu kana kwamba si kitu!

Nyota mbili. Kitabu kiwe kizuri namna gani, mimi nimekasirika.

Niliagiza The Museum of Abandoned Secrets, riwaya ya Oksana Zabuzhko wa Ukraine, kwa muuzaji wa vitabu vya mtumba, mwezi uliopita au ule wa kabla yake. Kikafika, nikazama. Daryna, mtangazaji wa televisheni jijini Kyiv, anaiona picha ya zamani ya Olena Dovhan, mpiganaji wa UPA, jeshi la msituni la Waukraine lililopambana na Wasovieti. Olena aliuawa 1947. Daryna anataka kumtengenezea filamu, na katika kumtafuta anakutana na Adrian, kijana wa ukoo wa Olena, wakapendana. Usiku Adrian anaota ndoto zisizo zake: za mwanamume mwingine, wa msituni, wa miaka ile ya 1940. Basi usiku wa manane niko nao huko msituni, pumzi nimezibana, nafungua ukurasa, hadithi imeruka! Kurasa 16 hazipo. Wala hazikuchanwa, hazikushonwa kabisa tangu kiwandani.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Jibu lake: "Dada, kitabu kinene hivyo, kurasa kumi na sita zinakupunguzia nini?"

Zinanipunguzia nini? Watoto wa Ukraine walikuwa na mchezo: unachimba kishimo, unapanga maua na karatasi za kumetameta, unafunika kwa kipande cha kioo, unafukia. Wanaita "siri". Riwaya yote ni kufukua vishimo vya namna hiyo, kumrudisha mtu ambaye watawala walitaka asahaulike. Halafu mimi niambiwe kipande kilichopotea si kitu! Siku mbili sikukigusa.

Kitabu chenyewe nacho kina yake. Sentensi ndefu, ukipepesa macho umepotea. Na UPA haohao waliua Wapolandi kwa maelfu huko Volhynia, eneo ambalo leo liko kaskazini-magharibi mwa Ukraine, mwaka 1943. Nilitaka uzito wa damu hiyo unikae kifuani zaidi ya ulivyokaa. Jambo hilo lilinikera, na bado linanikera.

Lakini nilikirudia, na pengo lake hivyohivyo, nikamaliza alfajiri macho yamevimba kwa kulia. Nafuta zile mbili. Nne kwa Zabuzhko, hapana, tano. Muuzaji hapati hata moja.

Mwenye nakala kamili aniazime siku moja tu, nisome hizo 16.