"Utazoea tu": nilivyoziba gego langu

Jina la kliniki silitaji, iko hapa hapa Dar. Gego la chini lilikuwa limetoboka, nikinywa chochote cha baridi linavuta mpaka sikioni. Daktari aliyenipima, binti mpole, alinionyesha shimo kwa kioo. Akasema bakteria waliomo kwenye utando wa meno wanakula sukari tunayokula, wanatoa tindikali, na hiyo ndiyo inayolila jino. Gamba la juu halina hisia, kwa hiyo linaoza kimya kimya. Ukianza kusikia ubaridi, ujue limeshaingia ndani. "Ila halijafika kwenye neva, linazibika. Asikung'oe mtu." Nilimpenda papo hapo.

Siku ya kuziba sikumkuta. Nikapewa kaka mmoja, simu haikauki. Kazi aliijua, sitamsingizia: ganzi, kuchonga uozo, pamba za kuzuia mate, kisha dawa nyeupe kidogo kidogo, kila mara anaimulika na ile taa ya bluu mpaka inakuwa ngumu. Nikafunga mdomo. Linagonga! Upande wa pili meno hayakutani kabisa.

"Dokta, limezidi juu."

"Ganzi hiyo, mama. Utazoea tu."

Nizoee? Jino ni kiatu? Kwani si ganzi hiyo hiyo inayofanya mgonjwa asijue vizuri anavyouma, ndiyo maana anapimwa? Na karatasi ya rangi, ile unayoiuma ikaacha alama palipozidi, ilikuwa kwenye trei mbele ya macho yangu. Hakuigusa. Alikuwa anapokea simu.

Nikaishi kwa uji na panadol, nikitafuna upande mmoja. Niliporudi, dada wa mapokezi hakuinua hata uso: "Lipia kumwona daktari." Yaani nilipie uzembe wao! Nilipandisha sauti, benchi zima likageuka, lakini kwa maumivu yale nikalipa. Bahati nikaingia kwa yule binti. Nikauma karatasi, akasaga kidogo, nikauma tena, kwisha. Simu moja ya yule kaka ni ndefu kuliko hapo.

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Ila jino sasa halivuti, na jana nimetafuna mahindi ya kuchoma upande ule ule. Basi nendeni, mumuulizie binti. Au hapana, msiende! Nimewapigia kuhusu hela yangu ya mara ya pili, wananiambia "tutakucheki". Mpaka leo.