Epoksi nzito ya kufunikia uzi wa fimbo za kuvulia: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa, kwa wasio na muda: epoksi hii ni nzuri, nitaendelea kuinunua, ila tabaka la kwanza siipaki kamwe, na hewa ikiwa na unyevu mwingi siifungui. Inakuja kwenye chupa mbili, rezini na kigumishi, unachanganya kwa ujazo sawa, sehemu moja kwa sehemu moja. Ni ile aina nzito ambayo watengenezaji wake husema inatosha tabaka moja kufunika uzi unaoshikilia pete za mshipi. Inafunika kweli, na inang'aa kama kioo. Kijikaratasi chake cha maelekezo ndicho kibovu. "Changanya vizuri" ni maelekezo gani hayo?

Maana malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu epoksi za fimbo ni yale yale: imepakwa jana, leo bado inanata. Fimbo za hivyo huletwa kwangu zitengenezwe, na mwenyewe ameshaamua kwamba chupa ni feki. Mara nyingi chupa haina kosa. Epoksi haikauki kama rangi. Inaganda kwa sababu rezini na kigumishi vinashikana kikemia, na sehemu iliyokosa mwenzake itabaki laini hata ukiisubiri mwezi. Wapo wanaozidisha kigumishi wakidhani itaganda upesi, tabia inayotokana na rezini za poliesta, ambako matone machache ya kichocheo huongeza au kupunguza kasi. Kwenye epoksi ukizidisha kigumishi umeharibu, basi.

Shida yenyewe ni kwamba fimbo haihitaji epoksi nyingi. Ukipima mililita 3 kwa 3, kosa la mililita 0.3 tu ni asilimia 10, na hiyo inatosha kuacha ulaini. Kwa hiyo napima kwa sirinji, kila chupa na sirinji yake iliyoandikwa, na kabla ya kusoma kipimo naisimamisha wima nitoe hewa, kwa sababu kiputo nacho kinahesabiwa kama ujazo. Mizani ya jikoni haifai hapa. Rezini ni nzito kuliko kigumishi, kwa hiyo uzito sawa haukupi ujazo sawa.

Halafu kuchanganya. Koroga polepole dakika tatu hadi nne, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe, na kijiti chenyewe kifute mara moja moja, kwani kinabeba rezini ambayo haijaguswa. Inua kikombe kwenye mwanga: mwanzoni utaona michirizi myembamba ikielea ndani, kama ya sukari inayoyeyuka kwenye maji. Ikipotea, usiache hapo hapo. Endelea kidogo.

Mchanganyiko ukishindikana, fimbo yenyewe itakuambia kilichotokea. Ikinata kwa madoa, hapa ngumu pale laini, haikukorogwa vya kutosha. Ikiwa laini kote kwa usawa, kipimo kilikosewa, au chumba kilikuwa baridi. Na kuna dalili moja naipenda sana: pete zote ziko sawa isipokuwa zile zilizopakwa mwisho. Huyo alifika mwisho wa kikombe akaanza kukwangua ukutani, akapaka kile ambacho hakikuchanganyika. Dawa ni kumimina mchanganyiko juu ya karatasi ya foili mara tu unapomaliza kukoroga, bila kukwangua kikombe. Juu ya foili epoksi inatandaa, joto lake linatawanyika, kwa hiyo inachelewa kuganda, na viputo vinapata njia fupi ya kutoka.

Ikishanata, usikimbilie kuikwangua. Weka fimbo mahali pa joto, nyuzijoto 30 hivi, kwa siku nzima. Kama ilikuwa baridi tu, itaganda. Ikibaki kunata kidogo juu wakati chini ni ngumu, paka tabaka jipya lililopimwa sawasawa. Mara nyingi linaokoa kazi. Lakini ukibonyeza kwa kucha na alama ikabaki, toa yote. Tabaka gumu juu ya tabaka laini ni urembo tu, pete itacheza samaki mkubwa akivuta. Kutoa kunataka joto la wastani hadi epoksi ilainike, kisha unaimenya kwa kitu butu. Wembe nauweka mbali na fimbo ya kaboni, maana mkwaruzo mdogo kwenye nyuzi za kaboni ndipo fimbo itakapovunjikia.

Viputo ndiyo sababu hasa ya mimi kutoipaka hii epoksi kwanza. Hewa nyingi haitoki kwenye kukoroga, inatoka ndani ya uzi wenyewe na kwenye ule mfereji mdogo ulio pembeni ya mguu wa pete, ambako uzi unapanda na kuacha pengo. Epoksi nzito inaziba mlango kabla hewa haijatoka. Paka ile nyepesi kwanza, tabaka jembamba tu, inywewe na uzi. Ikiganda, hii nzito inakuja juu na inalala vizuri sana. Viputo vilivyobaki navipitishia mwali mdogo wa taa ya spiriti kwa chini, haraka, bila kusimama. Kikaushia nywele nakikataa: kinatoa viputo kumi na kuleta vumbi la nyumba nzima.

Kuna tatizo jingine, vishimo vya mviringo ambako epoksi inajitenga na kukimbia uzi. Hilo ni mafuta, na mara nyingi ni silikoni. Sirinji nyingi zenye mpira mweusi kwenye pistoni hupakwa silikoni ili ziteleze, kwa hiyo tafuta za plastiki tupu. Mafuta ya vidole nayo yamo, ndiyo maana navaa glovu zisizo na unga na kufuta fimbo kwa spiriti kabla ya kupaka. Vishimo vikishatokea, kuongeza epoksi juu yake ni kujisumbua. Acha igande, piga msasa laini wa namba 600 kwa maji, futa, ndipo upake tena.

Unyevu huacha utando wa ukungu unaoteleza kama mafuta. Unaoshwa kwa sabuni na maji vuguvugu, lakini uoshe kabla ya tabaka la pili, la sivyo halitashika.

Kuhusu kutiririka: epoksi hii inataka mota ya kuzungusha fimbo polepole, mizunguko kama 10 kwa dakika inatosha. Ukiizungusha kwa mkono utachoka nayo, kwani inachukua saa kadhaa kuacha kutiririka. Na ikivimba katikati ya uzi, umeweka nyingi. Ondoa ya ziada kwa brashi ikiwa bado inatembea.

Chupa ikikaa baridini, rezini huweza kufanya chembechembe nyeupe chini. Haijaharibika. Ikalishe kwenye maji ya moto, kifuniko kikiwa kimekazwa, hadi iwe angavu kabisa, kisha iache ipoe kabla ya kupima. Kigumishi nacho hugeuka rangi ya asali kadiri kinavyozeeka. Bado kinagandisha, ila mimi sikitumii juu ya uzi mweupe.