"Kuku" ya mhudumu wa Masaki

Mama alikuja Dar kutoka Tanga kuonyesha macho. Daktari alimaliza naye mapema, nikamwambia leo nakutoa, twende Masaki ukale tambi za Kiasia. Kwetu tambi ni za sukari, nazi na hiliki, tena Ramadhani. Za kuogelea kwenye supu ya chumvi alidhani namtania.

Mhudumu, kijana mdogo kabisa, akamsalimia Mama "mambo". Mambo! Shikamoo imemshinda. Hilo nililimeza.

Kwenye menyu, ramen moja, yaani tambi za supu za Kijapani, imeandikwa tonkotsu. Kijapani sikijui, ila neno hilo nimejifunza kwa kujihami: ni mifupa ya nguruwe, inachemshwa saa nyingi mpaka supu inakuwa nyeupe kama maziwa. Nikamuuliza, hii supu ni ya mifupa gani? "Kuku." Una uhakika? "Dada, ni kuku, watu wote wanakula." Nikamwomba akaulize jikoni. Akaangalia dari, akaenda hadi kwenye friji ya soda, akasimama pale anachezea simu, akarudi: "Wamesema kuku."

Nilikuwa namwona! Friji ndiyo iliyomwambia?

Niliinuka mwenyewe hadi kwenye dirisha la jikoni, nimeshawaka. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwapa nyota moja, tena kwa kuwa sifuri haipo. Mpishi akafuta mikono kwenye aproni, akasikiliza mpaka mwisho. "Dada, hiyo ni nguruwe kabisa, usile. Chukueni laksa, ni nazi na kamba." Akanionyesha sufuria ya hiyo laksa, jiko lake la pembeni na upawa wake. Najua wapo watakaosema tungeondoka tu, na sina la kuwajibu. Mama alikuwa na njaa, nilipomweleza akasema bismillah.

Ikaja bakuli kubwa, mafuta mekundu yanaelea juu, jani la mchaichai limechomoza. Mama akaviweka vijiti kando, akaomba kijiko, akaonja. Kimya. Akaonja tena. "Huu si mchuzi wa nazi huu? Wametia mchaichai tu, wakaona wamegundua." Kisha akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa mpaka chini, mtu ambaye nyumbani haachi kulalamikia chumvi yangu.

Basi niwape ngapi? Chakula ni tano, sibishani. Lakini mtu anayemdanganya mama wa watu kuhusu nguruwe ili asitembee hatua kumi, huyo hata moja ni nyingi. Na bili ilipokuja aliileta yeye, anatabasamu, anasubiri bakshishi. Niliipeleka bakshishi dirishani.

Sasa Mama kila akipiga simu anauliza kliniki ijayo ni lini, na macho hayataji. Nitampeleka tena, sina ujanja. Ila oda nitaitoa palepale kwa mpishi.