Pylontech US5000: betri nzuri, tatizo ni namba za inveta

Uniti 4.8 ndani ya sanduku la kilo 40 hivi, volti 48, ampea-saa 100. Kwa nyumba au zahanati ya sola tunaipa alama za juu, ila si mikononi mwa fundi anayepanga kila betri ya "volti 48" kwa namba zilezile.

Ndani mna seli 15, wakati betri nyingi za lithiamu za daraja hili zina 16. Piga hesabu: inveta inayochaji hadi volti 56.8 inaipa kila seli ya betri ya seli 16 volti 3.55, sawa kabisa. Kwenye hii, kila seli inasukumwa kuelekea 3.79, na mwisho wake ni 3.65. Kinga ya ndani inakata, taa nyekundu inawaka, nyumba inazimika saa saba mchana jua likiwa utosini, lawama zote zinaangukia betri. Kiwango chake cha kuchaji ni volti 52.5 hadi 53.5. Chomeka waya wa mawasiliano wa CAN, betri yenyewe iiambie inveta ipokee kiasi gani. Kama betri na inveta haziongei, pangeni kwa mkono: kuchaji volti 53, kushikilia ikishajaa 52.5, kukata matumizi ikishuka hadi 48.

Kununua moja tu kwa inveta ya kilowati 5 ni ubahili wa gharama. Mzigo ukijaa, inavuta zaidi ya ampea 100, ukingoni kabisa mwa uwezo wake. Zikiwa mbili, kila moja inabeba nusu na haipati moto. Mizunguko 6,000 ya kujaza na kutumia inayotangazwa ni ya nyuzi 25, na stoo ya bati Dar es Salaam mwezi Februari haijui nyuzi 25 ni nini. Ifunge ukuta wa ndani, kivulini, si kabatini.

Kiwanda kinaruhusu kutumia 95%. Sisi tungebakiza 20% kila usiku. Kukaa imejaa pomoni wiki nzima nako kunaizeesha, kwa hiyo ukisafiri mwezi iache nusu. Masika ni kinyume chake: isipojaa siku nyingi, asilimia za chaji zinaanza kudanganya na volti za seli zinaachana. Ijaze kwa umeme wa gridi au jenereta, kisha usiikatize mapema, maana seli husawazishwa pale juu mwishoni.

Kasoro yake: haina kioo. Kuona volti za seli mojamoja kunataka kompyuta na waya wake maalumu. Ukiichanganya na US3000C, ndugu yake mdogo wa Pylontech, US5000 ndiyo iwe kiongozi, yaani ile inayoongea na inveta, na zote zijazwe kwanza kabla ya kuunganishwa.