Pete ya almasi ya prinsesi hapa Dar: ipi uchukue, ipi uache, na uangalie nini kabla hujatoa hela

Kama umeshaambiwa kabisa kwamba anataka ile almasi ya pembe nne, mkato wa prinsesi, basi kabla hujaanza kuzunguka kwa masonara wa mtaa wa Indira Gandhi na Kariakoo ujue kitu kimoja: kwa jiwe hili cheti hakikumalizii kazi. GIA, wale wapima vito wa Marekani ambao cheti chao ndo kinaaminika zaidi, gredi ya ukataji wanatoa kwa almasi za duara tu, prinsesi hawaipi. Utasoma karati, rangi, usafi, polishi na ulinganifu, ila kama jiwe linacheza na mwanga au limepoa tu, hapo macho ni yako. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha Excellent mbili kwenye karatasi akakwambia bosi hili limekatwa hatari, hizo ni za polishi na ulinganifu, hazisemi zaidi ya hapo. Halafu usihangaike kutafuta neno prinsesi humo, wao wanaandika Square Modified Brilliant.

Haya, nimezipanga kuanzia ile ambayo ningemshauri mdogo wangu mpaka ile ambayo ningemnyang'anya hela mkononi asinunue.

Ya kwanza: almasi asilia yenye cheti, karati 0.70 mpaka 0.95

Kwanini nisiseme karati moja kamili? Kwa sababu bei inaruka kwenye namba kamili, jiwe la 0.93 na la 1.00 kwenye kidole huwezi kuyatofautisha ila mfuko unayatofautisha vizuri tu. Na prinsesi tayari ina unafuu wake ukilinganisha na duara. Almasi mbichi nyingi zinatoka zikiwa kama piramidi mbili zilizogandishwa kitako kwa kitako, sasa mkato wa mraba unafuata umbo hilohilo na kinachopotea ni kidogo, wakati duara linakula jiwe. Ile almasi ya pinki ya Mwadui, mgodi wa kule Shinyanga, iliyopatikana 1947 ilikuwa na karati 54.5, akapewa Elizabeth wa Uingereza akiwa bado binti mfalme anaolewa, wakaikata duara ikabaki 23.6. Yani zaidi ya nusu imeishia kuwa vumbi (na ndo hivyo, prinsesi mwenyewe hakupata prinsesi).

Sasa kwenye kukagua, anza na vipimo vya milimita maana hapo ndo watu wanapigwa kimyakimya. Jiwe la karati moja lililokatwa kwa akili linakuwa na upande wa kama milimita 5.5. Chukua kimo gawanya kwa upana, mfano 3.95 gawanya kwa 5.45 unapata kama asilimia 72, safi. Mimi naangalia kati ya 65 na 75. Ikifika 80 maana yake uzito wote umejificha chini kwenye kitako, umelipia karati moja ila juu linaonekana kama dogo lake. Halafu gawanya urefu kwa upana, ikizidi 1.05 jicho linaanza kuona mstatili, wapo wanaopenda hivyo lakini kama shemeji kasema mraba basi mraba.

Baada ya namba toka kwenye zile taa. Vioski vya pete vina taa ambazo hata kipande cha chupa kinameremeta, wewe omba uliangalie karibu na mlango, kivulini, sio juani moja kwa moja, watakutuma na kijana wao asimame na wewe, hamna shida. Lisogeze taratibu. Unataka uone vipande vyeupe na vyeusi vinabadilishana na msalaba unaometa katikati, ukiona katikati pametulia kama dirisha na unasoma mistari ya kidole chako kupitia jiwe, rudisha. Ukichungulia kwa lenzi ya kukuza mara 10 chini ya jiwe kuna mistari ya V imepangana, mbili, tatu au nne kila upande. Chache zinatoa mmweko mkubwa, nyingi zinatoa vimulimuli vidogo vidogo, na kwa jiwe chini ya karati moja mimi nachukua chache.

Ila kama una dakika tano tu dukani, zote zimalizie kwenye pembe. Almasi ni ngumu kuliko jiwe lolote, sawa, lakini ngumu haina maana haivunjiki, ina pande zake ambazo ikigongwa inapasuka, na prinsesi ina ncha nne ziko wazi. Kwa hiyo dosari iliyokaa katikati naweza kuvumilia, dosari ileile ikiwa kwenye pembe siitaki hata kwa punguzo. Lazima ulione jiwe likiwa peke yake kabla halijapachikwa, maana kucha za pete, vile vishikio vya jiwe, zinafunika pembe na chini yake unaweza kuficha mmeguko ukavaliwa hadi wajukuu wanazaliwa. Kucha ziwe za umbo la V zinazoikumbatia ncha, sio vile vijiti vya mviringo. Na sisi Dar tunapenda dhahabu ya K21 na K22, nzuri kwa bangili na mkufu, ila kwa kucha za kushika prinsesi ni laini, mwambie sonara sehemu ya kichwa aifanye K18 au platinamu. Kabla hajaanza kupachika mkubaliane kwa maandishi pembe ikivunjika mkononi mwa fundi nani analipa, usione aibu kuuliza, fundi mzuri swali hilo analijua na yule anayenuna umeshapata jibu.

Rangi na usafi sitaki tukae sana. Rangi inaandikwa kwa herufi, D ndo nyeupe kabisa na ukishuka umanjano unaongezeka, kwa dhahabu nyeupe G au H inatosha, kwa ya njano shuka mpaka I au J maana dhahabu yenyewe inalitia jiwe umanjano wake, ila kumbuka prinsesi huwa inakusanya rangi kwenye kona kwa hiyo zitazame kona ukiwa umeliweka jiwe juu ya karatasi nyeupe. Usafi VS2 (dosari ndogo sana), au SI1 (dosari ndogo) ambayo umeikagua mwenyewe. Hela ya kupanda D na VVS, ile ambayo dosari karibu hazionekani hata kwa lenzi, peleka kwenye ukumbi.

Ya pili: almasi ya maabara

Wengine wangeiweka ya kwanza na siwalaumu. Ni almasi kweli, kaboni ileile, ugumu uleule, imeoteshwa kiwandani kwa njia ya HPHT (joto na mgandamizo mkubwa) au CVD (kuotesha kutoka kwenye gesi), na kwa bajeti ya asilia ya 0.70 unavaa jiwe kubwa zaidi kwa mbali. Ukaguzi ni uleule, pembe zake nazo zinavunjika. Nyingi zinakuja na cheti cha IGI, maabara nyingine ya kupima vito, hakikisha ile namba iliyochongwa kwa leza ukingoni mwa jiwe inafanana na ya kwenye karatasi kisha uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya hiyo maabara, kwenye simu yako sio ya muuzaji. Za CVD nyingine zina ukahawia kwa mbali na za HPHT ubluu, ndo maana nasema karatasi nyeupe. Nimeishusha namba mbili kwa sababu moja, bei zake zimeporomoka na zinaendelea, kwa hiyo ukija kutaka kuuza utaambiwa bei ya dhahabu tu. Kama huna mpango wa kuuza, basi ipande iwe ya kwanza.

Ya tatu: moisanaiti inayouzwa kama moisanaiti

Hili ni jiwe jingine la kutengenezwa linalofanana na almasi, ugumu wake 9.25 pale ambapo almasi ni 10, haikwaruziki kirahisi, inawaka kwa rangi rangi nyingi kuliko hata almasi, na kwa kijana anayejipanga haina aibu yoyote mradi mwenyewe ajue. Tatizo inapouzwa kama almasi. Ile tester ya kugusa ikalia "piip" inapima joto, na moisanaiti inapita hapo kama kawaida, kwa hiyo mlio sio ushahidi. Ichungulie kwa lenzi ukiwa umeilaza kidogo, kingo za chini utaziona mbili mbili. Zirkonia, ile ya bei chee ya kuigiza almasi, ndo hata siipi namba, baada ya muda inakwaruzika na kufifia.

Ya nne: pete iliyokwisha kuvaliwa na mtu, bila cheti

Unaweza kuokota bahati, ila lipia kana kwamba jiwe halipo, yani uzito wa dhahabu na kidogo juu, au peleka kwanza kwa mtaalamu wa vito asiyeuza hiyo pete.

Ya mwisho, usiguse: "jiwe la Mwadui" lililofungwa kwenye karatasi

Yule jamaa mwenye mjomba Shinyanga tunamfahamu wote. Biashara ya madini ina leseni za Tume ya Madini, na jiwe lisilo na hati likiwa halisi una kesi, likiwa kioo una kioo. Muage vizuri.

Ukishachagua, bei itajwe kwa shilingi, kanuni za 2025 hazitaki mambo ya kutajiana dola ndani ya nchi, na ukilipa chukua risiti ya EFD ambayo imeandika karati, rangi, usafi, asilia au maabara, K ya dhahabu na namba ya cheti. Risiti iliyoandikwa "pete 1" irudishe waandike upya hapohapo kabla hujatoka.