Nikeli ya Raney: kabla ya bei, uliza tarehe

Malalamiko ninayoletewa kuhusu nikeli ya Raney, kichocheo cha kuongeza haidrojeni kwenye kemikali, yanafanana. Chupa imefika na lakiri yake, shinikizo la haidrojeni liko sawa, lakini kemikali aina ya nitrili haigeuki kuwa amini kama inavyotakiwa. Muuzaji humlaumu mkemia. Mimi namlaumu muuzaji, kwa sababu ameandika tarehe ya kufungasha na kuficha ya kuamilisha.

Kichocheo hiki huzeeka. Kuamilisha ni hivi: aloi ya nikeli na alumini, nusu kwa nusu kwa uzito, hutiwa katika myeyusho wa moto wa sodiamu haidroksaidi. Alumini nyingi huyeyuka, nikeli hubaki na vitundu kama sifongo, na gramu 1 hufikia eneo la takriban mita za mraba 100, limejaa haidrojeni. Tangu hapo nguvu inapungua. Aina ya W-2 hudumu yapata miezi 6; W-6, iliyo kali zaidi, hubaki na makali yake kwa wiki 2 hivi. Anayekitumia kuondoa salfa kwenye kemikali huumia kuliko wote, maana kazi hiyo hula nikeli nyingi kupita uzito wa kemikali yenyewe.

Chaguo langu la kwanza ni tope (nikeli iliyoamilishwa tayari, ndani ya maji) la Raney 2800 la kampuni ya W. R. Grace, wenye jina hilo la biashara. Naipenda na sifichi: chupa hii na ile hunipa matokeo yaleyale.

La pili ni unga wa aloi usioamilishwa. Unauamilisha mwenyewe asubuhi ya kazi, kwa hiyo umri unaujua. Vumilia joto, povu na haidrojeni inayotoka, moto usiwe karibu, kisha osha hadi alkali iishe. Kama mzigo wako hukaa bandarini miezi, anza na hii.

Kobalti ya Raney, yaani kichocheo cha aina hii chenye kobalti badala ya nikeli, ni ya tatu: nzuri kwa nitrili ukitaka amini za daraja la kwanza (primary) tu.

Nikeli ya bei rahisi isiyo na jina? Ya majaribio, basi.

Kuna pia suala la maji. Lazima yaifunike nikeli, kwani ikikauka hewani huwaka yenyewe, ndiyo maana husafirishwa kama mzigo hatari, namba ya Umoja wa Mataifa UN 1378. Lakini wapo wanaopima tope lote na kukutoza maji kwa bei ya nikeli, kisha wanaongeza nauli ya mzigo hatari juu yake. Dai uzito wa metali pekee, tarehe ya kuamilisha, na picha ya lebo kabla hujalipa. Akikataa kukutumia picha, usinunue kwake.